Alasiri Tuliyomtolea Macho Mjomba

Ming'oko inapochemka hunukia udongo mkavu uliomwagiwa maji. Harufu hiyo ikinifikia, mguu wangu huanza kucheza wenyewe, kama ulivyocheza alasiri ile kijijini kwetu Mitole, tulipomzunguka mjomba Saidi tukitazama kama atakufa.

Ming'oko ni viazi vyembamba vya mmea wa porini unaopanda miti. Kiangazi majani yake hupukutika, ukabaki ukamba mkavu unaofanana na ule wa ndiga, ndugu yake mwenye sumu. Ndiga mbichi bibi aliiponda akabandika kwenye majipu; kuila bila kuiloweka siku nyingi ni kujitafutia kifo. Kwa hiyo masika, majani yangali yanajulikana, bibi alizifunga kamba za ming'oko vipande vya kanga kuukuu. Mwaka ule mjomba, mwanawe, alikuwa anasafisha pori kwa shamba jipya la korosho. Akavikuta vile vitambaa, akaamini amerogwa, akavichoma vyote huku akisoma dua.

"Umechoma chakula chetu, Saidi!" bibi alipiga kelele. "Nani akuroge wewe, una nini?"

Mama, aliyekuwa ananyonyesha mdogo wangu mchanga, alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaendelea kulia. Unga ulikuwa umebaki wa uji tu.

Mjomba akaingia porini na jembe, akarudi na kikapu kimejaa viazi. Bibi alivigeuzageuza vile viazi, akanusa, akasema, "Sijui." Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Vikachemshwa. Mjomba akasema atatangulia yeye, akala, nasi tukakaa.

"Koo linawasha?" bibi aliuliza.

"Macho yenu ndiyo yananiwasha. Mnanikodolea kama maiti!"

Kisha akajilaza mkekani, akalala. Nilikwenda kisimani nikarudi bila maji. Nilizunguka nyumba. Nilimwekea kiganja chini ya pua, nikakitoa, nikakirudisha. Mama alikikumbatia kikapu wala hakugusa kitu. Adhana ya magharibi ilipoanza, mjomba alipiga chafya, akakaa.

"Mmenibakizia?"

Mama alikula kwa mikono miwili.

Juzi basi liliposimama Nangurukuru, kijana alinisukumia dirishani mfuko wa ming'oko ya moto. Nikamuuliza ameichimba wapi. "Kula tu, dada, gari linaondoka!" Nikala. Ilikuwa tamu kama ile ya Mitole. Lakini mguu ulicheza njia nzima mpaka Lindi, nami nikawa nageuka kuwatazama abiria wenzangu. Kila mmoja ameinamia simu yake. Hakuna aliyenitolea macho.