Valvu Chini ya Migomba

Kwaa! Chuma juu ya chuma, kisha kimya, kisha bomba la uani kwetu linaanza kukohoa. Mlio huo wa spana kwenye kifuniko cha chemba ninao masikioni mpaka leo, na ndio niliousikia tena Jumanne nilipopigiwa simu kwamba fundi wetu wa maji amefariki. Wasomaji wangu, niseme kweli: machozi yalichelewa. Yule mzee nilimshuku miaka. Hapa Tukuyu mvua inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini, sasa maji ya bomba yanakwenda wapi kila asubuhi? Siku moja nikamfuata migombani, nikamkuta ameinamia chemba iliyofunikwa majani makavu, anakaza valvu ya bomba kwa spana.

"Binti, unaninyatia kama nimeiba kuku?" akauliza bila kugeuka.

"Shikamoo baba. Kumbe ni wewe unayetufungia maji!"

"Marahaba. Nusu tu." Akanieleza kuwa sisi wa bondeni tukiachiwa yote, maji hutukimbilia sisi, na wodi ya wazazi kule mlimani inabaki kavu. Asubuhi zamu yao, jioni yetu.

"Sasa mbona unaificha?"

"Nikiwaonyesha leo, kesho nitaikuta wazi. Na utakayeifungua ni wewe."

Nikacheka. Hakuwa amekosea.

Baadaye akaja mtaalamu kijana, ameingiza mabomba yote ya mji kwenye kompyuta ili ajue maji yagawanywe vipi. Kompyuta ikasema wodini hayafiki. Mbona yanafika? Mtaalamu akashuku kuna watu kule juu wamejiunganishia bomba kienyeji. Sisi tukaishuku kompyuta. Mzee akatushuku sote, akanyamaza, maana valvu ile haikuwa kwenye ramani yoyote. Nami nikanyamaza naye, najiona mtu wa siri kubwa.

Basi amefariki jioni, valvu ikiwa wazi. Siku mbili bondeni tulifua mpaka mazulia. "Mungu amlaze pema," jirani akasema, "lakini maji si mnayaona!" Kule juu wauguzi walikuwa wanapandisha ndoo kichwani. Hapo ndipo nilipolia.

Nikampeleka mtaalamu migombani. Akaifunga nusu, akaongeza alama moja kwenye kompyuta, akaguna: "Kitu chenyewe ndicho hiki, dada?" Ile kompyuta naipenda, iko siku nitajifunza kuiendesha. Ila inajua inachoambiwa tu, na sisi hatuambiani kwa kuwa hatuaminiani. Hata wema tunauzika na mwenyewe.

Alipoondoka nilibaki peke yangu. Nikakusanya majani makavu ya migomba, nikakifunika kile kifuniko kama alivyokuwa akifanya mzee. Nawajua majirani zangu. Najijua na mimi.