Kizungu Mingi

Hapa Nakuru, mtu akizungukazunguka asiseme ukweli huambiwa aache Kizungu mingi, hata kama hajatamka neno moja la Kizungu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wakiniuliza msemo huo ulitoka wapi, nilikuwa nikiwapa jibu la baba yangu, tena kwa maringo, kana kwamba nimefanya utafiti.

Baba alikuwa kibarua katika shamba la pareto kule Molo. Alisema meneja wao alitoa amri kwa Kiswahili cha neno mojamoja: leta, beba, toka. Siku aliposimama mbele yao akaanza Kizungu, tena kirefu, tena cha upole, walijua kuna mtu anafutwa kazi. Hawakuelewa kitu. Walitazamana tu na kuulizana chini kwa chini: leo ni nani? Kama kweli msemo ulizaliwa hapo, sijui. Shamba lolote la bonde hili lingeweza kuuzaa.

Mwaka huu Baba alishindwa kumeza ugali, kisha hata uji. Nilimpeleka hospitali akapimwa, na baada ya wiki mbili tukarudi kuchukua majibu. Daktari, kijana mpole, alinitazama mimi akaeleza kwa Kizungu, muda mrefu. Baba alikaa kando yangu, kofia magotini, akifuata midomo ya daktari. Nilimchukia yule kijana kwa upole wake.

Tulipotoka, Baba aliketi kwenye benchi la koridoni akaniuliza daktari amesema nini.

Maneno nilikuwa nayo. Ndiyo kazi yangu. Saratani ya koo, imeenea, haitibiki: mtoto wa darasa la sita angeyasema.

"Baba, wameona kuna growth kwa esophagus," nilisema. "So kuna options, si lazima surgery, wanaweza manage tu hiyo pain, depending na vile..."

Nilijisikia nikiendelea, na sikuweza kunyamaza. Miaka yote hiyo darasani, na siku baba yangu alipokihitaji Kiswahili changu nilimnyima.

Aliniacha nimalize.

"Kizungu mingi," alisema. "Kumbe leo ni mimi."

Kisha akavaa kofia, akainuka, akaelekea mlangoni bila kunisubiri.