Nyota Tano za Mjomba Cuthbert

Cuthbert alikuwa fundi cherehani wa Newala, na katika ukoo wake neno lake ndilo lililofunga mazungumzo. Kwa desturi ya huku juu uwandani, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anayemsimamia ni mjomba. Baba huulizwa, mjomba huamua. Cuthbert alikuwa na wapwa saba na aliwaamulia wote saba: shule, kazi, hata rangi ya suruali, kwa kuwa suruali zenyewe alizishona yeye.

Mwaka 1957, korosho zilipopata bei nzuri, alifika kutoka Lindi bwana mmoja aitwaye Stamili, amevaa tai siku ya kazi. Alikuja na makopo ya mafuta yanayonukia mchaichai na karatasi zenye mhuri mwekundu. Mafuta, alisema, yanaponya upele, yanafukuza mbu na kulainisha bawaba za mlango. Baada ya hapo hakuyataja tena. Alichokitaka ni watu. Unatoa shilingi kumi na tano, unapewa kopo na karatasi, unakuwa Nyota. Ukileta watu watano, kila mmoja na kumi na tano zake, unapata fungu lako. Nao wakileta watano watano, wewe umekaa tu unapokea. Ngazi ya tano ikijaa, unapewa baiskeli.

Cuthbert alimwuliza kama mafuta yenyewe yana wanunuzi. Stamili akatabasamu kwa upole, akamweleza kuwa anayeuza makopo ni mchuuzi, bali Nyota ni mheshimiwa. Cuthbert hakuwa mtu wa kukubali kuwa mchuuzi. Akatoa fedha.

Jumapili, baada ya ibada, aliwaita wapwa wake wa kiume, wote watano. Walijiunga kabla chai haijapoa, na hakuna aliyeuliza swali.

"Watu watano kwa birika moja la chai," alimwambia dada yake, Anastasia. "Biashara hii ni ya kweli."

"Kaka, hao hata ungewauzia mvua wangenunua."

"Basi mvua nayo ni biashara nzuri."

Anastasia alikuwa na sababu ya kuhangaika. Jumamosi inayofuata mshenga angekuja kumposa binti yake wa mwisho, Ethel, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amewakataa wachumba wote kwa adabu akimngoja huyu mmoja wa Chiwata. Watu wa Chiwata walikuwa walimu na watumishi wa kanisa. Kabla ya kunywa maji ya nyumba, huulizia kwanza habari za nyumba hiyo. Alimwomba kaka yake kopo lisionekane siku hiyo. Cuthbert akaahidi.

Katikati ya wiki Cyril, mpwa wake wa kwanza, alirudi kutoka Tandahimba miguu ikiwa na vumbi hadi magotini. Hakupata hata mtu mmoja. Kila jamaa aliyemwendea alikuwa ameshaandikwa na ndugu yake, au alikuwa njiani kuja kumwandika yeye.

Ethel, aliyesoma shule ya misheni Masasi hadi darasa la nane, alichukua chaki ya mjomba wake akaandika juu ya kitambaa cheusi: tano, ishirini na tano, mia na ishirini na tano. Alipofika ngazi ya sita alikuwa na watu elfu kumi na tano na mia sita ishirini na tano.

"Mjomba, hapa tumeshaandika Newala yote, na tumeanza makaburi."

Cuthbert alimwambia chaki ile ni ya kukatia nguo. Lakini hesabu ilimwingia, tena upande usiofaa. Kama ukoo umekwisha, aliwaza, basi dawa ni ukoo mwingine. Na Jumamosi ukoo mwingine ulikuwa unakuja wenyewe, kwa miguu yake.

Mshenga aliitwa Arthur, mtu mrefu asiye na haraka. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, kabla hajafungua kinywa kuposa, Cuthbert alichomoa kopo mfukoni. Anastasia alifumba macho. Arthur alisikiliza mpaka mwisho: nyota, ngazi, baiskeli.

"Mzee," akasema, "yupo aliyelinunua kopo hili bila kutaka kuwa Nyota?"

Cuthbert akafikiri. Hakuwapo hata mmoja.

"Na hawa vijana watano, yupo anayeweza kukukatalia?"

Cuthbert akawageukia wapwa wake waliopanga mstari ukutani. Wote wakatazama vidole vya miguu yao. "Cyril, wewe ungekataa?"

"Mjomba, kukukatalia ningeanzia wapi?"

Arthur akasimama taratibu. Alitumwa kuomba mke, alisema, hakutumwa kujiunga. Angerudi Jumamosi nyingine, huko kwao wakiona inafaa. Ethel, nyuma ya pazia, alikuwa amesikia yote.

Jumatatu Cuthbert alikwenda alikopanga Stamili. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa safi. Akauza korosho zake za msimu, akawarudishia wapwa fedha zao mkononi, mmoja mmoja. Jumapili alimwomba padri nafasi baada ya matangazo.

"Wapwa wangu niliwaingiza kwa sauti ya mjomba, si kwa akili," aliwaambia waumini. "Mtu akikuletea biashara ambayo faida yake ni wewe kumleta mwenzako, jua kinachouzwa ni mwenzako. Mkatalieni, hata nikiwa mimi."

Watu walicheka. Alibaki amesimama mpaka walipomaliza.

Habari ilifika Chiwata upesi. Jumamosi Arthur alikuja, akaomba maji, akanywa. Wenzake, alieleza, wamesema kwamba aliyetaja kosa lake mbele ya kanisa hatawaficha kasoro ya binti. Akaposa.

Kwa desturi, jibu lilikuwa la Cuthbert. Akamwita Ethel.

"Unasemaje? Na ujue unaweza kukataa."

"Nimekubali, Mjomba."

"Husemi hivyo kwa kuniogopa?"

"Hapana, Mjomba."

"Kwa sababu ukitaka kukataa—"

"Kaka," alisema Anastasia, "mwache mtoto aolewe kabla hujamshawishi akatae."