Boti Iliyopitwa na Bata

Simu ilinikuta sokoni Mkuyuni nikibishana na mama mmoja juu ya fungu la nyanya. Aliyepiga alikuwa binti wa mwenyekiti wetu wa zamani, yule aliyekuwa akimtunza mzee huko Nyegezi. "Shikamoo baba. Mzee ametutoka alfajiri ya leo." Nikaitikia marahaba, nikakaa juu ya kreti la soda bila kuomba ruhusa ya mwenye kreti, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa kicheko. Si kwamba sikuumia. Niliumia sana, na machozi yalifuata yenyewe, mpaka yule mama akaniongezea nyanya tatu na kuniambia pole. Lakini marehemu, ambaye jina lake sitaliandika kwa kuwa hakupenda kuandikwa, alinijia kichwani vilevile nilivyomzoea enzi za Ujamaa: amechuchumaa juu ya jiwe kubwa pale Igogo, kando ya ziwa, anageuza betri za tochi juani moja moja kama mtu anayechoma mahindi.

Wenzangu wenye mvi mnanielewa. Betri siku hizo haikutupwa ovyo. Ikichoka unaianika juani, inapata nguvu za kukupa taarifa ya habari jioni, na kesho unaianika tena. Yeye alikuwa fundi redio, Mhaya wa ng'ambo ya ziwa, mpole wa sauti na mbishi wa moyo, na alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu mdogo wa mafundi. Tulikuwa watano tu. Palikuwa na yeye, seremala mmoja Msukuma asiyeisha utani, mchomeleaji wa vyuma mwenye hasira za karibu, mshonaji tuliyemwita Mama Cherehani, na mimi. Mimi sikuwa na ufundi wowote. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi wakanipa ukatibu, na tangu siku hiyo mpaka leo nala kwa kalamu.

Mali yetu kubwa ilikuwa banda. Bati zake zilivuja na mlango wake ulifungwa kwa waya, lakini lilikuwa letu kwa idhini ya serikali, hatua chache kutoka majini. Mama Cherehani alilea watoto wanne kwa cherehani iliyokaa pembeni mwa banda lile. Sasa asubuhi moja akaja Bwana Ushirika, ofisa wetu wa wilaya, hakushuka hata kwenye baiskeli. Akasema banda linahitajika kuwekea magunia ya pamba. "Ninyi mnajiita ushirika," alisema, "kumbe kila mtu na meza yake, kila mtu na mteja wake. Hapa ni stendi, siyo ushirika." Tukamlilia. Akalegea kidogo. Akatupa mpaka Saba Saba, tuonyeshe mbele ya mgeni rasmi kitu kimoja tulichokifanya sote kwa pamoja. Mgeni akiridhika, tunabaki. Asiporidhika, Jumatatu tukabidhi banda. Na kwa kuwa vikundi vilikuwa vingi, kila kikundi kingepewa muda wa wimbo mmoja wa bendi ya shule. Wimbo ukiisha, zamu yenu imeisha.

Hapo ndipo mwenyekiti wetu alipotoa sanduku lake. Kulikuwa na mhandisi mgeni aliyewahi kufanya kazi bandarini, na mkataba ulipokwisha alimwachia mwenyekiti wetu, aliyekuwa fundi wake wa redio, boti ndogo ya umeme, urefu wa mkono mmoja, inayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Unasimama nchi kavu na kisanduku chenye antena, unasukuma kijiti, boti inakata kona kule majini bila kamba wala mtu ndani. Ilikuwa imeharibika. Yeye akaifufua usiku na mchana, akatuita ufukoni. Jamani! Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi, mmoja akasema hilo pepo lisimkaribie. Tukakubaliana boti iende mpaka kwenye jiwe lililotokeza majini, ilizunguke, irudi. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo Mama Cherehani akaimba wimbo wenyewe wa bendi tangu mwanzo. Boti iliporudi alikuwa amemaliza na kuanza tena, yuko ubeti wa pili. "Tumechelewa kidogo tu," akasema mwenyekiti. "Tuiongeze mbio."

Tukaitisha kikao. Wasomaji, hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa upendo. Kitu kilitakiwa kiwe cha wote, sasa nani angekubali boti ikimbie bila mkono wake? Mwenyekiti alianza. Alikuwa amechomoa mota ya waipa kwenye gari bovu, kitu kizito kama kitasa cha geti, na akatutangazia kwamba yenye kusukuma maji ya mvua kwenye kioo itashindwaje na maji ya ziwa. Mota kubwa ikadai betri nyingi, zikawa kumi na mbili badala ya nne, zote za kuanikwa juani. Seremala akaipa boti sakafu ya mbao nzito ya mninga yenye nakshi. Mchomeleaji akatengeneza ngazi, vyuma vya kushikilia pembeni, na nanga. Mama Cherehani akashona bendera, kisha akaona haitoshi, akashona na turubai lenye lesi. Nami, katibu, nikachonga kibao, nikaandika kwa rangi nyekundu maneno kumi na saba kuhusu kazi, umoja na maendeleo. Kila hoja ilipita kwa kauli moja. Niliandika muhtasari mwenyewe, sikuona hata chembe ya tatizo.

Siku ya majaribio nusu ya Igogo ilikuja kutazama. Boti ikaingia majini, ikazama mpaka ukingoni, ikaguna. Ilikwenda, siwezi kuisingizia. Ilikwenda kama bibi harusi. Walitokea bata kwenye matete, mama bata na vifaranga sita, wakaikaribia, wakaitazama, wakaipita. Kifaranga cha mwisho, kile kidogo kabisa, nacho kikaipita. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Cherehani aliimba wimbo mara tatu, sauti ikamkauka, na boti ilikuwa bado inazunguka jiwe. Seremala akaangua kicheko kwanza, kisha akakumbuka banda, akanyamaza.

Ugomvi uliofuata sitausahau. "Nanga ya nini kwenye boti isiyo na baharia?" seremala akamuuliza mchomeleaji. "Na ule mlango wako wa kanisa ulioulaza juu?" mwenzake akamjibu. Mama Cherehani akasema kwa sauti iliyokwama kwamba lesi haina uzito, ila kibao cha Ndugu Katibu ndicho kinachozamisha. Nikakasirika, nikasema maneno ya umoja hayawezi kuzamisha kitu. Kila mmoja wetu alijua kwa uhakika cha kuondoa, na hakuna aliyetaja cha kwake. Nilimwona Mama Cherehani anafunga nguo za wateja kwenye kanga, polepole, kwa mpangilio, na nikajua ameshaanza kuhama. Zilibaki siku tano. Mwenyekiti alibeba boti kwapani akaenda zake, na njiani watoto wakamfuata wakilia kama bata.

Kesho yake asubuhi tulifika bandani tukiwa tumenuniana. Tulimkuta amekaa chini na bisibisi, mota ya waipa imelala kwenye gazeti mbele yake. "Kikao kimeanza," akasema bila kuinua macho. "Ajenda ni mimi." Akatueleza kwamba mota ile ina nguvu lakini ni nzito na inazunguka polepole, na kwamba alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Yeye, fundi, alilijua. "Nilipenda tu muone nimeleta kitu kikubwa," akasema. "Nimeona haya jana, ndugu zangu, lakini siyo kwa sababu ya bata." Kisha akairudisha ile mota ndogo ya mwanzo mahali pake, taratibu, na hakumtazama mtu yeyote.

Hakuna aliyeambiwa kitu. Mchomeleaji, yule yule wa hasira, ndiye aliyenyoosha mkono akang'oa nanga yake. Seremala akaing'oa mninga, akaipapasa kidogo, akaiweka kando. Mama Cherehani akakunja turubai na bendera. Nikabaki mimi na kibao changu. Mwenyekiti akakishika, akakisoma chote kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kupendezwa kweli. "Ndugu Katibu, umeandika vizuri sana. Sasa nionyeshe hapa neno linalosukuma boti." Nilisoma mara mbili. Sikuliona. Ameniuliza swali hilo mtu mmoja tu maishani, na nimekuwa nikilijibu kila juma tangu siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi. Seremala alisugua tumbo la boti kwa msasa mpaka likawa laini, Mama Cherehani akalipaka nta ya mshumaa. Mchomeleaji akanyoosha chuma cha kuzungushia propela, kilichokuwa kimepinda kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akalinoa kila bawa la propela kwa tupa. Mama Cherehani akashona kifuko cha kubania betri nyuma, ili pua ya boti inyanyuke majini. Mimi nilipewa brashi niandike ubavuni neno moja. Nikaandika PAMOJA. Na betri? Mwenyekiti alizikataa zile za kuanikwa. Akaja na betri nne mpya, na hatukuuliza amezipata wapi kwa uhaba ule. Mkewe alikuja kutuambia baadaye: alizitoa kwenye redio ya nyumbani, na siku zote hizo fundi redio alikuwa akisimama dirishani kwa jirani kusikiliza habari.

Saba Saba ikafika. Mgeni rasmi kakaa kivulini, Bwana Ushirika kasimama nyuma yake na uso wa kukabidhiwa banda. Wale waliotucheka walijaa tele, na sauti za bata zilisikika kabla hatujafika majini. Bendi ikapiga. Mwenyekiti akasukuma kijiti. Nawaambia, boti ile ilinyanyua pua ikaondoka! Maji yalipasuka nyuma yake, na nilimsikia Mama Cherehani akiimba kwa kunong'ona huku amefumba macho, hataki kuona. Karibu na jiwe walikuwapo bata walewale. Boti iliwapita kwa kasi hata mama bata akageuka na kupiga kelele za malalamiko, na ufuko mzima ukalipuka. Wale wa dagaa walipiga vigelegele. Boti ikazunguka jiwe, ikarudi, ikagusa mchanga, na bendi ilikuwa bado na ubeti mmoja. Seremala alimnyanyua mwenyekiti juu juu, antena na kila kitu.

Mgeni rasmi akauliza ni nani kati yetu aliyeitengeneza. Mwenyekiti akajibu, "Kila mmoja wetu ameondoa kitu chake, mheshimiwa." Mheshimiwa hakuelewa, lakini alipiga makofi. Banda likabaki letu, pamba ikatafutiwa kwingine. Bwana Ushirika aliomba ajaribu kuongoza kidogo, akaipeleka boti moja kwa moja kwenye matete, tukavua viatu kuifuata, tukicheka. Na Jumatatu, badala ya kukabidhi, Mama Cherehani alikuwa mezani anakata suruali.

Nimekaa kwenye vikao vingi tangu wakati huo. Vya shule, vya kanisa, vya harusi, vya mtaa. Watu hawapungui nia njema, na mara nyingi hilo ndilo tatizo lenyewe: kila mmoja anakuja na mninga wake, na ikifika zamu ya kupunguza, vidole vinaelekea kwa jirani. Watu wanasema Ujamaa ulitufundisha kuchangia, na ni kweli, sitaki mtu autukane mbele yangu. Lakini yule mwenyekiti alinifundisha kitu ambacho hakikuwamo kwenye vitabu vya semina. Anayetaka kazi ya wengi iende mbio, aanze na cha kwake, na aanze na kile anachokipenda zaidi. Ni rahisi kuandika. Kulitenda, mimi mwenyewe, bado kunanishinda.

Tulimzika kulekule Nyegezi. Aliacha karatasi yenye maagizo: jeneza la mbao nyepesi bila nakshi, mashada mawili yatosha, na mstari wa mwisho ulikuwa wangu. "Katibu asome wasifu, asizidi wimbo mmoja." Nilikuwa nimeandika kurasa nne, nzuri, nilizilia machozi. Nikakaa kwenye benchi la kanisa nikizikata kwa kalamu huku kwaya inaimba, na kila nilichokikata kiliniuma. Nikapanda na ukurasa mmoja. Mama Cherehani, siku hizi bibi anayetembea kwa mkongojo, alikuwa kiti cha mbele. Nilipoanza kusoma niliona midomo yake inachezacheza, nikadhani anasali. Kumbe anaimba ule wimbo wa bendi, kimya kimya, tangu mwanzo.

Nilimaliza, nikashuka, nikakaa karibu naye. Akanishika mkono. "Umewahi, Ndugu Katibu," akaninong'oneza. "Umebakiza ubeti mmoja." Mhariri amenipa leo nafasi ndefu kuliko hii. Iliyobaki namrudishia.