Wapenzi Niliowatunga Mwenyewe

Busia nzima wananijua. Ndimi ninayetafsiri filamu za Kihindi kwa maiki katika banda letu la video, ingawa Kihindi chenyewe sikijui. Kwa kawaida huitazama filamu kwanza nyumbani. Jumamosi sikuitazama, na wageni wa Tororo walikuwa wamekuja kunisikia, wanialike kufungua banda lao jipya.

Kwenye skrini, kijana na msichana wakakumbatiana wakilia. Nikawapa maneno ya mapenzi matamu kama asali, banda likapiga vigelegele.

Mwishoni kijana akamkabidhi msichana kwa bwana harusi mwingine, huku anatabasamu.

Mama Nekesa, muuza chapati anayekaa mbele, akageuka. "Mfasiri, kwani huyo si kaka yake?"

"Ndiyo, mama," nikajibu kwa sauti ileile ya asali. "Hata mimi nimejua sasa hivi."