Mguu Uliofunguliwa Mara Mbili

Siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata harusi yangu, mwanangu, ni ile Sabato niliyopanda kilima cha Nyanchwa nikisalimia kila mtu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na bado nilijiona kijana. Kila nikitembea kidogo, shavu la mguu wa kushoto lilikaza kwa maumivu nikalazimika kusimama. Kusema niliona haya. Basi nilisimama kwenye lango la kila mtu, nikauliza habari za mama, za ng'ombe, za majani chai. Watu wakanisifu kwa adabu, na mimi nikazipokea sifa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliokolewa na shangazi yangu Kerubo, ambaye mumewe alikatwa mguu, kwa hiyo dalili alizijua. Alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alikuta mshipa wa damu wa paja umeziba, akaupanua na kuweka stenti, kibomba kidogo cha waya cha kuuweka wazi. Akanionya kwamba mshipa unaweza kuziba tena: nimeze dawa kila siku, nitembee, niache sigara.

Baada ya wiki chache nilipanda kilima bila kupumzika, nikavimba kichwa. Dawa zikalala kabatini. Sigara nikairudia kwa kujificha nyuma ya mikungu ya ndizi sokoni Daraja Mbili, na hata dukani nikawa naenda kwa boda boda.

Mwaka haujaisha, shangazi akanikuta langoni kwake nikiuliza habari za kuku.

"Kuku hawana habari," akasema. "Hizi salamu zimerudi, sivyo?"

Nikainama, nikausugua mguu.

"Daktari alikufungulia mguu, wewe ndio unaufunga. Mume wangu alinidanganya hivi hivi. Tukazika mguu wake kwanza, yeye baadaye."

Nililia, wala sioni aibu kukwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu lilikuwa karibu kukatwa. Mshipa ulipanuliwa tena, na safari hiyo nilishika masharti yote, hata lile la sigara lililonitesa mno.

Miaka mingi imepita. Kila nikienda kliniki, daktari hupapasa mapigo ya damu kwenye mguu wangu, akatabasamu. Najivunia, kwa nini nisijivunie? Shangazi Kerubo alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake kutoka barabarani hadi kaburini, kwa miguu yangu miwili. Vijana walitaka kunipokea. Nilikataa.

Basi shika hili, mwanangu. Ukiumwa, sema mapema. Ukitibiwa, usidhani kazi imekwisha, maana daktari hufungua njia tu, kuitunza ni juu yako kila siku ya maisha yako. Mungu akupe afya, na akupe mtu wa kukukemea kwa upendo, na masikio ya kumsikia angali hai.