Siku Baba Mkwe Aliposukuma Gari Langu

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ile ya vita: pale Kindu kivuko kimetutoa upande wa Kasuku, kimetufikisha ng'ambo ya Alunguli, na gari langu njo liko mbele, ndilo linalozuia wote. Kando yangu amekaa Mzee Ramazani, fundi wa zamani wa reli, baba ya Sifa, msichana niliyemposa. Nilikuwa namrudisha kwake. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ya makaa. Nikazungusha ufunguo. Gari likasema tik, likanyamaza.

Mwanangu, nilijua litanyamaza. Demarere, ile mota ndogo inayozungusha injini ili iwake, ilikuwa imekufa tangu miezi mingi. Sikujali. Shule niliishia darasa la tatu, lakini pikapu ile kuukuu niliipata kwa jasho langu mwenyewe, kwa kuchimba mawe ya madini kule Pangi, na sikutaka kuambiwa kitu. Miteremko yote ya mji niliijua. Naegesha juu, naachia breki, naingiza gia, linawaka. Vijana wakaniita Bwana Mteremko, nami nikaona nimepewa cheo. Siku ile mwenye kivuko aliniamuru kuzima injini, na juu ya maji hakuna mteremko. Mbele yetu ukingo ulikuwa unapanda.

Tukasukuma. Nasema tukasukuma, kwa sababu na yeye alishuka. Kwetu hata kiti cha baba mkwe hukikalii, na huyu wangu alikuwa ameinama nyuma ya gari langu, matope mpaka magotini, wachuuzi wa ndizi wanacheka. Juu kwenye tambarare vijana wa ukingoni wakalisukuma kwa mbio mpaka likawaka. Mzee akapanda tena, tukafika mbele ya nyumba yake.

"Zima hapa," akasema. Nikazima. Akachukua ufunguo, akautia mfukoni.

"Mukwe, siku risasi zitalia, nani atasukuma? Sifa?"

Nikanyoosha mkono kuomba ufunguo, akatikisa kichwa.

"Binti yangu utamupata siku hii gari itawaka hapa hapa, fasi ya sawasawa, hakuna muteremuko, bila mukono ya muntu."

Nilirudi kwa miguu, nimekasirika. Leo nasema alikuwa na haki, siku ile nilimtukana njia nzima, moyoni.

Demarere ungeipata wapi? Treni ilikuwa haiji, maduka ni rafu tupu. Niliuliza kila mwenye gari bovu mpaka nikasikia kwamba huko Kibombo iko pikapu kama yangu, imeoza, kuku wanatagia ndani. Nikaenda na baiskeli. Mwenyewe akaniambia, "Chukua, lakini usinivunjie mayai." Nikafungua demarere yake huku kuku wananidonoa, nikairudisha Kindu nimeifunga kwenye gunia la mpunga.

Siku ya kuifunga, Sifa aliniona naingia uani kwao na gunia begani. "Bwana Mteremko," akasema, anapepeta mchele, "leo umeshuka na miguu?" Mama yake akamkemea, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Niliinua gari, nikaliweka juu ya magogo. Mzee alikaa kwenye kigoda, mikono imekunjwa.

"Batri?" akaniuliza.

"Ninajua, baba."

Sikujua. Nililala chini ya gari, nikatia spana kwenye bolti ya waya mnene, waya ambao ulikuwa bado unavuta moto wa batri. Saa yangu ya chuma ikagusa bodi. Mwanangu, nuru ile sijaisahau. Alama ya saa iko kwenye mkono wangu mpaka leo, watoto wanafikiri nilipigwa risasi. Mzee akasimama polepole, akatoa waya wa batri, akarudi kukaa. Akaniangalia.

"Saa yako inasema ni saa ngapi?"

Basi nikameza kiburi. Kilikuwa kichungu kuliko kwinini. "Baba, unionyeshe."

Kumbe alikuwa anangoja neno hilo tu. Akanionyesha kuweka demarere mbili kandokando na kuhesabu meno na matundu. Kusugua kutu kwenye ncha za waya, maana waya mchafu unaua demarere nzima. Kuingiza bolti zote kwa vidole kwanza, halafu kukaza. Na waya wa batri urudi wa mwisho kabisa. Hakugusa bolti hata moja. Kila kitu kwa mdomo.

Alasiri akanipa ufunguo. Gari likawaka. Sifa akapiga kigelegele.

"Zima," akasema Mzee. Nikazima. "Washa." Likawaka. "Zima. Washa tena." Likawaka.

"Moja njo bahati," akasema. "Tatu njo gari. Nawa mikono, ingia ndani, ukule."

Risasi zililia kweli, mpunga haujavunwa bado. Gari liliwaka kwa ufunguo wa kwanza, na Mzee mwenyewe alikuwa ndani, ameshika kuku wawili na Kurani yake. Hakuna aliyesukuma. Sifa hadi leo ananipikia, na hadi leo ananiita Bwana Mteremko mbele ya wajukuu.

Sasa wewe, mwanangu. Jana nimeona gari lako limeegeshwa juu ya mteremko, na jiwe chini ya gurudumu. Nimeelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ukuta ule utamjengesha mtu asiye na kosa. Ubovu unaoujua, utengeneze nyumbani, kungali kweupe na mambo yametulia. Usipojua, sema hujui, kabla ya moto kukusemea. Kuuliza kulinipa mke. Kusema "ninajua" kulinipa kovu. Njoo Jumapili na demarere yako. Mimi nitakaa kwenye kigoda.

Mungu akuwekee mikono yako mizima. Gari lako liwake pale unaposimama, na kanzu ya baba mkwe wako ibaki nyeupe.